Pesa za Vita: Mjumbe Wako wa Garsen Anaweza Kusema "Zii"?

Kila wakati gavaa inatuma soljas mahali, iwe Somalia, iwe Congo, iwe hapa tu nyumbani, maskani zote kutoka Minjila hadi Hola huwa na swali moja: na huyu mjumbe wetu alisemaje kule mjengoni? Alipiga kura? Alikataa? Ama alikuwa ameenda kunywa chai?

Jibu fupi ni hili: ndio, mjumbe wako anaweza kusema zii kwa pesa za vita. Katiba imempa hiyo nguvu. Jibu refu liko na kona kadhaa, na ukizijua hautadanganywa tena na mtu yeyote kwa jukwaa akikwambia "mimi nilipigania mambo ya usalama" ama "mimi nilipinga hiyo vita." Tulia nikupee rada.

KURA NI ZA NANI?

Tuanze na hesabu ndogo. Kaunti ya Tana River iko na maeneo bunge 3: Garsen, Galole na Bura. Ukiongeza mwakilishi wa wanawake wa kaunti, tuko na kura 4 kwa Bunge la Kitaifa. Hilo Bunge liko na wabunge 349 ukimtoa Spika. Kwa hivyo hata wale wanne wetu wakisimama pamoja kama ukuta, ni kura 4 kati ya 349. Ndio, ni kidogo. Lakini shikilia hiyo namba, tutairudia.

Na seneta je? Hapa wasee wengi huchanganyikiwa. Seneta anatetea kaunti, na anapiga kura kuhusu vile pesa zinagawanywa kati ya gavaa kuu na kaunti. Lakini makadirio ya Wizara ya Ulinzi, yaani ile doh yenyewe ya jeshi, hupitishwa na Bunge la Kitaifa peke yake. Kwa hiyo ukimuuliza seneta kwa nini hakukata bajeti ya jeshi, unamuonea bure.

MCA naye? Tana River iko na wodi 15, na 6 kati yake ziko Garsen: Kipini Mashariki, Kipini Magharibi, Garsen Kusini, Garsen Kati, Garsen Magharibi na Garsen Kaskazini. Hao MCA wanakutana Hola na wanapitisha bajeti ya kaunti: zahanati, barabara za mashinani, maji, chekechea. Ulinzi wa nchi uko kwa orodha ya kazi za serikali ya kitaifa kwenye Jedwali la Nne la Katiba. MCA anaweza kupitisha hoja ya kusema hataki jeshi ama anataka jeshi, lakini hiyo ni sauti tu. Hakuna bunduki itanyamaza na hakuna cheki itasimamishwa kwa sababu yake.

Basi kura ya pesa za vita ni ya mbunge na ya mama kaunti. Hao ndio wa kuulizwa.

DOH YA JESHI HUINGILIA MLANGO GANI?

Kuna milango mitatu, na kila mmoja una kufuli yake.

Mlango wa kwanza ni bajeti ya kila mwaka. Waziri wa Fedha anatakiwa kupeleka makadirio bungeni angalau miezi 2 kabla mwaka wa fedha uishe, yaani kufikia 30 Aprili. Kamati za Bunge zinakaa chini na kila wizara, ile ya ulinzi na mambo ya nje ikiwa na yake. Halafu kufikia 30 Juni, Bunge linapitisha sheria ya kutoa hizo pesa. Jeshi letu siku hizi linakula zaidi ya bilioni 100 kwa mwaka. Hapa ndipo mjumbe anaweza kusema: hii laini ipunguzwe, hii ielezwe, hii itolewe.

Mlango wa pili ni bajeti ya nyongeza. Huu ndio mlango wa nyuma. Kifungu 223 cha Katiba kinaruhusu serikali kutumia pesa ambazo Bunge halijapitisha, kama zile za mwanzo hazikutosha ama kumetokea jambo ambalo halikutarajiwa. Kisha inarudi bungeni kuomba idhini ndani ya miezi 2 tangu pesa ya kwanza itoke. Kiwango kimewekwa: isizidi asilimia 10 ya zile pesa Bunge lilipitisha mwaka huo. Unaona mchezo? Mjumbe anaombwa kupigia kura pesa ambayo tayari ishatoka. Kusema zii wakati huo ni kama kukataa bili ya nyama choma ukiwa umeshalamba vidole.

Mlango wa tatu ni pesa za nje, na huu wengi hawauoni. Wanajeshi wetu walipokuwa Somalia chini ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika, posho ya kila mwanajeshi ilikuwa dola 1,028 kwa mwezi, na mfuko uliokuwa unalipa ulikuwa wa Umoja wa Ulaya. Mwaka wa 2016 Ulaya wakakata asilimia 20. Mtu wa Brussels alipunguza doh ya vita kuliko mbunge yeyote wa Pwani alivyowahi kupunguza. Hapo ndipo unajua kwamba kura ya pesa inakuwa na meno tu kama wewe ndiye unashikilia mfuko.

KURA YA KUTUMA JESHI NI KITU KINGINE

Usichanganye kura ya pesa na kura ya ruhusa. Katiba imeweka ruhusa za aina tofauti.

Rais akitaka kutangaza vita rasmi, lazima Bunge liidhinishe.

Akitaka kutuma vikosi nje ya nchi kwa kazi ya kulinda amani, Baraza la Usalama wa Taifa linahitaji idhini ya Bunge. Hiyo ni Kifungu 240.

Kama ni ndani ya Kenya, Kifungu 241 kinagawanya mambo mawili. Kukiwa na dharura ama janga, mfano mafuriko yale yanayokata barabara ya Garsen, jeshi linaweza kuja kusaidia, halafu Bunge la Kitaifa linapewa ripoti. Lakini kama ni kurudisha amani mahali kumechafuka, jeshi haliruhusiwi kuingia mpaka Bunge la Kitaifa liidhinishe. Soma hiyo mara mbili, kwa sababu tofauti kati ya "ripoti" na "idhini" ndiyo tofauti kati ya kuambiwa na kuulizwa.

Sasa angalia vile mambo huenda kwa ground. Oktoba 2011, wanajeshi wetu walivuka mpaka kuingia Somalia kwa ile operesheni ya Linda Nchi. Idhini ya Bunge ya kujiunga na AMISOM ilikuja Desemba, soljas wakiwa tayari wamechafuka viatu. Novemba 2022, Bunge la Kitaifa lilipitisha kutumwa kwa wanajeshi zaidi ya 900 mashariki mwa Congo, na hesabu iliyowekwa mezani ilikuwa karibu bilioni 4.5 kwa miezi 6 ya kwanza. Februari 2023, Bunge liliidhinisha jeshi kuingia North Rift kupambana na majangili. Na 25 Juni 2024, ile siku Gen Z waliingia bungeni, Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Aden Duale, alitoa notisi ya kuleta jeshi mtaani. Kesho yake Bunge likapiga muhuri, ingawa upande wa upinzani ulilia. Chama cha Mawakili kikakimbia kortini, na Mahakama Kuu ikaacha jeshi libaki lakini ikaiambia serikali itangaze wazi jeshi litafanya kazi gani na kwa masharti gani.

Unaona mtindo? Mara nyingi gari linaondoka kwanza, halafu abiria wanaulizwa kama wanataka safari.

TANA RIVER TUNAIJUA HII STORI KWA DAMU

Hapa sasa ndipo mambo yanakuwa magumu, kwa sababu ni rahisi kuandika "sema zii kwa vita" ukiwa umekaa Westlands. Ukiwa Garsen ni tofauti.

Agosti 2012, kijiji cha Riketa kilishambuliwa alfajiri. Watu wasiopungua 48 waliuawa, wengi wao akina mama na watoto. Septemba ikaja Chamwanamuma, halafu Kilelengwani, ambako watu 38 waliuawa, 9 kati yao wakiwa polisi. Desemba ikaja Kipao. Kufikia mwanzo wa 2013, zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa kwa ule mzozo wa wakulima na wafugaji juu ya mto, malisho na siasa za uchaguzi uliokuwa unakaribia.

Septemba hiyo ya 2012, wabunge walifanya nini? Hawakusema zii. Walipitisha hoja ya kutaka jeshi liletwe Tana. Rais Kibaki alitangaza kafyu na kumwaga polisi wengi zaidi, wakiwemo GSU. Baadaye ikaundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji Grace Nzioka.

Ukimuuliza mathee ambaye nyumba yake ilichomwa wiki hiyo kama alitaka mjumbe apige kura dhidi ya pesa za usalama, atakuangalia kama mwenda wazimu. Yeye alitaka karao wafike kabla ya moto, si baada.

Julai 2014 tena, washambuliaji waligonga Hindi kule Lamu na kituo cha polisi cha Gamba, hapa hapa Garsen. Zaidi ya watu 20 waliuawa usiku huo ukijumlisha sehemu zote mbili. Mwaka uliofuata ikaanza operesheni ya msitu wa Boni. Kwa miaka, ukitaka kupanda basi Garsen kuelekea Witu na Lamu, ulingoja msafara wa askari. Biashara ya samaki, ya maembe, ya mifugo, yote ilikuwa inangoja bunduki ikisema "twende."

Kwa hivyo mtu wa Tana anajua vitu viwili kwa wakati mmoja. Anajua vile inauma usalama ukikosekana. Na anajua vile inauma operesheni ikija na kukaa, wewe kijana ukisimamishwa kwa kila kizuizi na kuulizwa kitambulisho kama mgeni kwenu. Ndio maana swali zuri kwa mjumbe si "unapenda jeshi ama hupendi?" Swali zuri ni: hizi pesa zinaenda wapi, kwa muda gani, na nani atatuambia kama zilifanya kazi?

WAKISEMA ZII, HUWA KUNATOKEA NINI?

Kuna mahali imefanyika, na haikuwa mwisho wa dunia.

Agosti 2013, Bunge la Uingereza lilikataa kuunga mkono mashambulizi ya Syria kwa kura 285 kwa 272. Waziri Mkuu David Cameron akasema ameskia, na ndege hazikuruka wakati huo. Tofauti ilikuwa kura 13. Kumbuka ile namba yetu ya 4? Kwa kura inayobanana hivyo, kaunti 3 ama 4 ndogo zikijipanga zinaweza kugeuza meza.

Marekani, mwaka wa 1973, Bunge la Congress lilipitisha kwamba kuanzia 15 Agosti hakuna pesa itaendelea kulipia mapigano ya Vietnam, Laos na Cambodia. Hawakumnyang'anya Rais jeshi, walifunga pochi tu, na mabomu yakasimama.

Halafu kuna kura ya kusimama peke yako. 14 Septemba 2001, siku tatu baada ya New York kushambuliwa, wawakilishi 420 walimpa Rais Bush ruhusa ya kutumia jeshi. Mmoja akakataa: Barbara Lee wa California. Alitukanwa, akatishiwa maisha, akapewa walinzi. Lakini watu wake waliendelea kumrudisha bungeni, na miaka ilivyosonga, hata baadhi ya waliompinga walikubali kwamba ile ruhusa ilikuwa pana sana. Kura moja haikuzuia vita. Iliacha alama kwamba kuna mtu aliuliza.

Hapa kwetu, mara nyingi breki imetoka kortini badala ya mjengoni. Novemba 2023, Bunge lilipitisha kutumwa kwa polisi 1,000 Haiti. Januari 2024, Jaji Chacha Mwita akasema Baraza la Usalama wa Taifa halina nguvu ya kutuma polisi nje, kwa sababu Katiba inataja jeshi pale. Serikali ikatafuta mlango mwingine, ikatia saini makubaliano na Haiti mwezi wa Machi, na kundi la kwanza likatua Port-au-Prince Juni. Breki ilishika kidogo, gari likazunguka.

KWA NINI WAHESHIMIWA WETU HAWASEMI ZII?

Sababu ya kwanza ni kura ya mdomo. Spika anauliza, wanaokubali wanapiga kelele, wanaokataa wanapiga kelele, Spika anaamua kelele gani ni kubwa. Jina lako halionekani popote. Mpaka wabunge wa kutosha wasimame kudai kura ya kuhesabiwa, hakuna wa kujua mjumbe wa Garsen alifungua mdomo upande gani. Anaweza kurudi nyumbani na kuwaambia wakulima hadithi moja na wafugaji hadithi ingine.

Sababu ya pili ni chama. Kiranja akisema tunapiga ndio, mbunge anayekataa anaweza kutolewa kwa kamati. Na kamati ndipo kuna safari, marupurupu na jina.

Sababu ya tatu ni uoga wa kuitwa msaliti. Soljas wakiwa tayari huko nje, ukikataa pesa utaambiwa unawanyima vijana wetu maji na risasi. Ndio maana ile tabia ya kuomba idhini baada ya safari ni hatari: inageuza kila swali kuwa usaliti.

Sababu ya nne ni siri. Mambo ya usalama hujibiwa kwa faragha. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ana haki ya kukagua hata jeshi, lakini wewe wa kawaida hautaona kila kitu, na mengine ni sawa yasionekane. Shida ni pale neno "siri" linatumika kufunika hata bei ya viatu.

Na hapa kuna hesabu ya kukufanya ukae chini. Mgao ambao Tana River ilipata kutoka gavaa kuu mwaka wa fedha wa 2021/22 ulikuwa kama bilioni 6.5. Hiyo ni ya kaunti nzima, mwaka mzima, watu 315,943 kulingana na sensa ya 2019. Miezi 6 ya Congo ilipangiwa karibu bilioni 4.5. Sisemi Congo haikuwa muhimu. Nasema ukiweka hizo namba mbili kando kwa kando, mjumbe wako anafaa awe na jibu.

ZII SI LAZIMA IWE ZII KAVU

Mjumbe mwerevu halazimiki kuchagua kati ya kupiga muhuri na kukataa kila kitu. Anaweza kusema "ndio, lakini." Ndio, lakini kwa miezi 6 tu, halafu rudini hapa. Ndio, lakini leteni ripoti ya gharama. Ndio, lakini mtuambie mwisho wa kazi utajulikana vipi. Ndio, lakini sehemu ya hii doh iende kwa polisi wa Tana Delta, gari lao liwe na mafuta na kituo kiwe na stima. Ukiangalia vizuri, hizo "lakini" ndizo huokoa maisha kuliko hotuba kali.

Na kuna vitu vya usalama ambavyo havihitaji jeshi kabisa. NG-CDF ya mbunge inaweza kujenga kituo cha polisi na ofisi ya chifu. Gavana kisheria ndiye mwenyekiti wa mamlaka ya polisi ya kaunti, mahali ambapo wananchi wanafaa kusikizwa. Kamati za amani za vijiji na mipango ya njia za mifugo kufika mtoni ni bei rahisi kuliko operesheni moja.

WEWE SASA UFANYE NINI?

Moja, fuata tarehe. Kati ya Aprili mwisho na Juni, kamati ya bajeti inalazimishwa na Katiba kuskiza maoni ya wananchi. Hiyo si hisani. Wakija karibu, enda. Wasipokuja, andika.

Mbili, soma Hansard. Kila neno linalosemwa bungeni huandikwa na kuwekwa mtandaoni bure. Tafuta jina la mjumbe wako, tarehe ya kura, uone kama aliongea ama alinyamaza. Kunyamaza pia ni jibu.

Tatu, ombi la wananchi. Kifungu 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni kuhusu jambo lolote ambalo Bunge lina mamlaka nalo. Mbogi ya vijana wa Garsen, Pokomo na Orma na Wardei pamoja, wakiweka sahihi kwa karatasi moja, hiyo ina uzito kuliko tisheti elfu za kampeni.

Nne, muulize mjumbe swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa kelele: "Siku ya kura, ulidai ihesabiwe?" Kama alitaka ihesabiwe, jina lake liko. Kama hakutaka, alikuwa anajificha nyuma ya sauti za wengine.

Kura 4 kati ya 349 ni kidogo, ndio. Lakini ni zetu, na ukiacha kuziulizia, watu wengine watazitumia kwa niaba yako.